Gari Lililolala Kwetu

Gari lile lilitugharimu mkono wangu wote wa Idi, zawadi za komunio ya kwanza ya Gasana, na jogoo mmoja wa mama ambaye hakuulizwa. Nimepiga hesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na kuna kitu bado hakijaingia. Kila nikivuta mtoto wa meza, harufu ya betri zilizovuja inanipiga puani, kali kama sarafu iliyokaa mdomoni, nami narudi mtaani kwetu Nyamirambo nikiwa na miaka kumi.

Gasana alikuwa jirani yetu wa chini. Kati ya ua wao na wetu palikuwa na korongo dogo lililochimbwa na mvua, mawe matupu na udongo mwekundu. Mwaka ule, ukiacha shule na misa, mama yake hakumruhusu kuvuka geti. Mimi nilijua tu kwamba yule mama ni mkali. Baba yake aliwahi kuchukuliwa vita vilipoanza kaskazini, akarudi amekonda na kuzoea kuzungumza kwa kunong'ona. Hilo nalo nililiona ni tabia ya wakubwa.

Siku ya kulinunua gari tulikwenda dukani kwa Hajati, nyuma ya msikiti, na mama yake akatusindikiza hadi mlangoni kama askari. Hajati alikuwa ametoka Dubai na vijigari viwili vya telekomande, vya kuchezea kwa kuviendesha kutoka mbali. Kimoja kilikuwa chekundu, tumbo limegusa chini, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kingine kilikuwa cha rangi ya matope, magurudumu makubwa, kimeinuka kama mbuzi aliyeona maji.

Chekundu kilizunguka sakafuni kwa Hajati kikanitoa roho. Nikasema ni hiki.

"Hiki hakifai," Gasana akasema.

"Sha, rafiki yangu, we umeona mbio zake?"

"Nimeona. Tutoke nacho nje."

"Nje kuna vumbi," Hajati akaruka. "Jaribuni hapa hapa, sakafu iko safi."

"Sisi hatuishi sakafuni, Hajati."

Akavibeba vyote viwili hadi kwenye mawe ya barabarani. Chekundu kilienda hatua chache, kikalalia tumbo, magurudumu yakabaki yakipapasa hewa. Cha matope kilipanda jiwe polepole, kikayumba, kikashuka upande wa pili. Gasana hakushangilia. Alikifuata kwa macho tu, jinsi mtu anavyomtazama punda anayetaka kumtuma safari.

Nilinuna, lakini biashara haingoji aliyenuna. Hajati alikuwa na msemo: bei ya kwanza ni salamu, usiikasirikie. Nikamwitikia salamu zake mpaka akachoka, na juu ya bei nikamtoa betri za kubadilisha. Jogoo ndiye aliyefunga mazungumzo.

Kwa kuwa mali ilikuwa ya wawili, tuliweka sheria: gari lilale kwetu, telekomande ilale kwao. Hivyo hakuna ambaye angecheza bila mwenziwe. Niliisimamia sheria hiyo kuliko swala zangu. Kila alasiri Gasana alipanda juu ya benchi uani kwao, akanipigia mluzi, nami nikaliweka gari mlangoni kwa nyuma. Lilishuka korongoni, likapanda kwao, likarudi na pera mgongoni, au daftari la hesabu alizotaka nimsaidie. Mimi nililalamika kwamba linakwenda kama bibi harusi. Yeye alicheka na kusema, "Lakini linafika."

Aprili mvua zilikuwa kubwa. Tulikuwa ndani siku kadhaa, madirisha yamefungwa, baba amekaa kwenye cherehani bila kushona, huku milio ya risasi na makelele ya watu yakipanda kutoka barabara kuu. Asubuhi moja kitu kikagonga mlango wa nyuma kwa chini. Kikanyamaza. Kikagonga tena. Lilikuwa gari, pale lilipolala, linakwenda mbele na kurudi lenyewe.

"Ni Gasana," nikasema. "Anataka kucheza."

Baba na mama walitazamana. Mama akafunga chapati zote zilizobaki kwenye kitambaa, akazikaza mgongoni mwa gari kwa uzi wa cherehani. Baba akafungua mlango upana wa kiganja. Gari likatoka, likazama korongoni, kitambaa kikaonekana tena upande wa pili, kinapanda. Juu ya ua wao niliona mikono miwili tu na ncha ya antena.

"Likirudi tuliongezee chai," nikasema. 

Halikurudi. Giza lilipoingia baba alipita korongoni kwa magoti kwenda kuwaleta Gasana na wazazi wake wajifiche kwetu, maana alikuwa ameshawatengea nafasi nyuma ya majora ya vitambaa. Alikuta mlango wazi na nyumba tupu. Alirudi na telekomande aliyoiokota chini ya benchi. Gari hakuliona. Akakaa kwenye cherehani, akaanza kuchapa pedali, bila uzi, bila kitambaa, hadi mama alipomshika bega.

Miaka imepita, nimeuza na kununua vingi, na nimeelewa kile ambacho Gasana alikuwa akipima pale barabarani. Mimi nilichagua gari la kuchezea. Yeye alichagua miguu, kwa sababu miguu yake mwenyewe ilikuwa imekatazwa njia. Lile jekundu lingelalia tumbo kwenye jiwe la kwanza, na chapati zingelowa mvua.

Nimeuliza kwao, kanisani, kwa kila aliyerudi baada ya mauaji ya watu wa kabila lao. Hakuna aliyemwona, wala wazazi wake. Gari halikuokotwa na mtu yeyote mtaani kwetu, na mtaa wetu hauokoti kitu kimyakimya. Kwa hiyo hesabu yangu inasema alilibeba. Sheria yetu imegeuka: changu anacho yeye, chake ninacho mimi, na kila mmoja ameshika rehani ya mwenziwe.

Juzi nimeisafisha telekomande kutu, nikatia betri mpya. Bado sijabonyeza. Ninyi mnaojua mambo ya rehani, nishaurini: nibonyeze, au niendelee kumtunzia?