Kanga Huyu au Kanga Hii?

Jamani, leo nacheka kwa sababu sina la kufanya, ila siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, na mpaka sasa nikipita sokoni Mafinga kuna akina mama wa nyanya wakiniona tu wanaulizana kwa sauti, "Huyu au hii?" halafu wanaangukiana mabegani kwa kicheko. Ngoja niwaeleze, maana wengi mnaijua nusu, na hiyo nusu yenyewe imetiwa chumvi.

Kijijini kwetu kuna bonde chini ya shule, zamani lilikuwa na nyasi ndefu za kumfunika mtu mzima na kanga wamejaa humo (kanga ndege, lishikeni hilo neno, ndilo lililoniponza), baadaye viazi vikaingia, nyasi zikaisha, kanga wakahama. Sisi akina mama wa kikundi tukaomba kipande cha bonde tukirudishe kilivyokuwa. Tukachimba mashina ya nyasi za asili huko kando ya barabara na makaburini, tukayabeba kichwani na matope yake, tukayagawa vishina vidogo vidogo na kuyapanda mvua za kwanza, tukapalilia, tukafukuza mbuzi, watu wakipita wanatucheka, "Siku hizi mnalima majani?" Msimu wa pili nyasi zikanipita kichwa. Asubuhi moja nikamsikia kanga analia humo ndani, nikakaa chini na mimi nikalia, wala sioni aibu kusema, kwa sababu mara ya mwisho kuisikia sauti ile baba yangu alikuwa hai.

Sasa wenye viazi nao wanalitaka bonde lao. Mwenyekiti wa kijiji akasema atakuja afisa wanyamapori kutoka wilayani, akikuta ndege kweli wapo, eneo linabaki la nyasi, asipowakuta linagawiwa kwa wakulima. Mimi ndiye katibu wa kikundi. Jioni ya kuamkia ugeni nikapita pale, nikaona chupa za maji na mifuko ya nailoni imezagaa ukingoni, nikajisemea mgeni hawezi kukuta uchafu huu. Nikarekodi sauti, nikatuma kwenye grupu: "Wapendwa, kesho tuna wageni, wahini bondeni mkapasafishe, pang'ae." Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Hebu niambieni, ni shule gani mliyosoma ninyi ambayo mwalimu akisema "safisheni mazingira" hamkushika fyekeo? Nilipofika nikakuta bonde lote jeupe, limenyolewa, na akina mama wamesimama juu ya nyasi zilizolala wanajifuta jasho na kutabasamu.

"Kamwene, Katibu!" akanisalimia Mama Tuli, mwenyekiti wetu wa kikundi. "Pamependeza?"

"Mama Tuli, nyasi ziko wapi?"

"Tumefyeka! Si ulisema pang'ae?"

Kilichobaki ni kichaka kimoja cha nyasi pale kwenye tope, nacho kilipona kwa sababu hakuna aliyetaka kuchafua viatu kabla ya kupiga picha na mgeni. Na gari la afisa hilo, linashuka mlimani. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, lakini mimi nikasema, "Mpitisheni njia ya juu, aone kichaka kwa mbali. Mimi naingia humo nilie kama kanga." (Utotoni nilikuwa nalinda maharage ya baba, sauti ya kanga naiiga mpaka wenyewe wanaitika.)

"Katibu, wewe ni mzima?"

"Mpitisheni!"

Nikaingia kwa magoti na gauni langu la kanisani, juu nimejifunga kanga nyekundu, mpya. Nikalia, ke-ke-ke-ke! Nikamsikia afisa kule juu anasema, "Hee, sikilizeni!" Sifa zikaniingia, nikalia tena kwa madoido, na safari hii nikaitikiwa, hapo hapo, nyuma ya makalio yangu. Kumbe kanga wote wa bonde walipofyekewa makazi yao walikimbilia kubanana kwenye kichaka kile kile! Waliruka kundi zima, mabawa usoni, mimi nikapiga yowe ambalo si la ndege yeyote, nikanyanyuka mbio, kanga yangu ikanasa kwenye nyasi ikabaki, na mimi nikaanguka chali kwenye tope mbele ya viongozi wote, gauni liko kiunoni, gagulo nje.

Mama Tuli kwa furaha akawa anaruka na kuonyesha kidole: "Kanga hiyo, afisa! Kanga hiyo, si unaiona?" (Sisi huku kila kitu ni "hii" na "hiyo", ng'ombe hiyo, mtoto hiyo.)

Afisa akatazama ndege, akatazama kitambaa changu kinavyopepea, akauliza kwa upole kabisa, "Samahani mama, kanga huyu au kanga hii?"

Walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akakaa chini. Ila ndege wenyewe hawakuwa na habari na sisi. Walikimbia huku na huku kwenye ule uwazi, shingo juu, wanatafuta pa kujificha hawapaoni, halafu mmoja mmoja wakarudi wakanipita pale pale nilipolala, wakaingia kichakani. Kicheko kikakatika. Mimi na tope langu mdomoni nikaeleza yote, kuanzia ile sauti ya kwenye grupu.

Afisa akamgeukia mwenyekiti wa kijiji. "Umeona mwenyewe. Palipofyekwa hawatulii, penye nyasi wamerudi hata na mtu yumo. Mashina yako hai, mvua zikinyesha yatachipua."

"Basi, viazi vitafute kwingine," akasema mwenyekiti. Vigelegele vilivyopigwa pale, nilisahau kama niko nusu uchi.

Nyasi zimesharudi, zinanipita kichwa tena, na ukingoni tumeweka kibao: PAACHENI HIVI HIVI. Neno "safisha" nimeliacha kabisa, hata nyumbani wakija wageni nasema ondoa vikombe, futa meza, basi. Na jioni nikienda bondeni kuwasikiliza kanga, sivai kanga. Navaa suruali ya mume wangu, na mkanda juu.