Bastola Niliyoisifu Mara Tatu

Mdomo wangu ndio ulioniponza, sina wa kumlaumu. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akinambia toka utotoni kwamba siku moja nitasema neno halafu nitafute pa kulirudisha nipakose. Nimengoja mpaka nimestaafu, nina wajukuu wawili, ndipo siku hiyo ikanifika, tena nyumbani kwa watu, na bastola mapajani.

Watu wakisikia bastola hushtuka. Mtu mzima kama mimi, mwalimu wa hesabu wa Ibra, huku kwa Waarabu, bastola ya nini? Ya kulengea shabaha, basi. Binti yangu alikuwa akenda kiwanjani upande wa Nizwa kujifunza, nami nikimsindikiza, nikikaa nyuma na chupa yangu ya chai. Siku moja akanambia, mama, hebu jaribu. Nikajaribu. Risasi tano, nne zikaingia kwenye duara jeusi, na binti akaniangalia kama aliyenikuta naiba. Yeye alipoolewa akaacha. Mimi nikaendelea, mwaka mzima na bastola za klabu zilizoshikwa na kila mkono, mpaka msimamizi akanambia nitafute kibali polisi na nichague yangu.

Loo, kuchagua bastola ni kazi kuliko kuchagua mkwe. Mkono wangu mdogo. Dukani Nizwa kila niliyopewa, kidole hakifiki kwenye kifyatulio, au kinafika kwa ncha, na nikikinyoosha zaidi mtutu wote unahama. Mwenye duka akanipa moja nyeusi, kubwa, akasema ndiyo inayotoka sana. Nikamwambia viatu vya namba arubaini na tano pia vinatoka sana, lakini mguu ni wangu. Mume wangu akaona haya akatoka nje kwenda kutazama halua. Mwenye duka alicheka, akatuelekeza kwa mzee mmoja Mudhaibi, mwanajeshi mstaafu, fundi wa shabaha. Nende kwanza anipime mkono, ndipo nirudi kununua.

Mume wangu ni Mpemba, na maneno yake huyatoa kwa kibaba. Silaha hazipendi, ila kunipeleka ninapotaka hajapata kukataa. Tukafika kwa yule mzee baada ya Alasiri. Mkewe alinipokea mlangoni, tukabusiana, akarudi ndani kutayarisha. Sisi tukakaa majlisi, chumba chao cha wageni, tukala tende, tukanywa kahawa, tukaulizana habari za mvua na za mifugo mpaka nikachoka. Hapo tena mzee akatandika kitambaa, akaweka bastola mbili. Kila moja aliifungua kwanza akanionesha kuwa haina risasi, kisha akanitaka nihakikishe na mimi. Hiyo ndiyo adabu ya silaha, na mimi naijua.

Akanifundisha jambo ambalo klabu hawajanifundisha. Usiitazame bastola, alisema, utazame mkono wako. Elekea ukutani, fumba macho, nyoosha mkono unavyojisikia, halafu fumbua. Ikiwa alama ya mbele ya mtutu imekaa sawa katikati ya pengo la nyuma, hiyo ndiyo ya umbile lako. Ya kwanza ilinikalia kulia. Ya pili iliangalia chini.

Mzee alifikiri kidogo, akainuka, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kitu kimefungwa ndani ya kilemba cha nakshi za samawati, cha kijana. Ilikuwa bastola ndogo, mpini wake wa mti, upande mmoja umelainika kwa kushikwa. Akaifungua, nikahakikisha, nikafumba macho. Nilipofumbua, alama imekaa katikati ya pengo, haikwenda huku wala kule.

"Maashallah," nikasema, "hii ndiyo." Mzee akatabasamu. Nikarudia, nikaapa kwamba toka nianze kushika bastola sijaona nzuri kama hii. Mume wangu akakohoa. Nikadhani tende imempalia. Nikasema mara ya tatu, kwa roho yangu yote, laiti ningekuwa na hii nisingetaka nyengine tena duniani.

Mzee alikizungusha kikombe chake cha kahawa. "Ni yako," akasema.

Nikamuuliza bei. Akatikisa kichwa, haiuzwi, amenipa, na Jumapili twende pamoja polisi tukabadilishe karatasi. Nikakataa mara moja. Akaweka mkono kifuani, akarudia. Sasa sisi tumelelewa kuwa zawadi unaikataa mara moja kwa haya, ya pili unapokea, asije mwenzio akakuona una kiburi. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikamwombea dua yeye na nyumba yake, na furaha yangu nikashindwa kuificha.

Mkewe akaingia na sinia ya halua. Akaiona bastola mapajani kwangu, na kile kilemba pembeni. Akasimama. Akaiweka sinia chini taratibu, wala hakunitazama mimi, alimtazama mumewe.

"Umempa ya mwanangu?"

Mzee hakuinua uso. "Ameisifu," akasema. "Mara tatu."

Yule mama akageuka akarudi ndani. Wallahi sikuelewa bado. Mume wangu akanambia kwa Kiswahili, polepole, macho yake kwenye zulia, kwamba hapa ukikisifu kitu cha mtu mbele yake, ndani ya nyumba yake, atakupa, hana njia, na wewe unatakiwa ukatae mpaka yeye achoke. Miaka thelathini amekaa na wenyeji ofisini, na kitu pekee anachokisifu ni mvua.

Hasira zilinipanda juu yake, kisha zikanirudia mwenyewe. Nimeletwa nchi hii nina miaka tisa. Nimesomesha watoto wao. Ilikuwaje nisijue? Lakini sisi wanawake wa Unguja hutembeleana wenyewe kwa wenyewe. Mtu akiisifu kanga yangu namwambia ahsante, na kanga yangu naondoka nayo.

Mzee akatueleza bila kuulizwa. Mtoto wao alikuwa mmoja tu. Mwaka juzi, njia ya Sinaw, gari yake ilimkuta ngamia katikati ya barabara, akafa. Bastola ile ndiyo ya kwanza aliyoichagua mwenyewe, na mama yake huitoa kilembani, akaifuta, akaifunga tena. Nikamnyooshea, nikamwomba aipokee. Akaificha mikono yake ndani ya kanzu.

"Neno langu limeshatoka," akasema. "Usiniaibishe nyumbani kwangu."

Basi niko hapo. Nikiondoka nayo, ni kama yule mama amenyang'anywa mtoto mara ya pili. Nikiiacha, nimemvunjia mzee heshima yake ndani ya nyumba yake. Nilifikiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifikiri kabla ya kusema.

"Ni yangu kweli?" nikamuuliza.

"Yako."

"Nimpe nimtakaye?"

Hapo ndipo alipoinua uso. Alinitazama, macho yamemjaa maji. "Yako," akasema.

Nikaifunga ndani ya kilemba kama ilivyokuwa, nikaingia ndani. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho makavu, mikono juu ya magoti. Nikakaa mbele yake. Kiarabu chote cha kusomeshea miaka ishirini na kitu kilinikimbia, nikabaki na maneno ya mtoto mdogo. Nikamwambia nimepewa hii, ni yangu, na mimi nakupa wewe. Nikaiweka mapajani kwake.

Hakuishika. Aliushika mkono wangu, ule wa kulia, akaufungua vidole kimoja kimoja, akauweka juu ya kiganja chake akaupima.

"Wake ulikuwa hivi hivi," akasema. "Wenzake wakimcheka, wakisema ana mkono wa kike."

Ikaadhiniwa Magharibi. Nilimsikia mume wangu na mzee wakitoka kwenda msikitini. Yule mama alikuwa bado ameushika mkono wangu, nami sikuuvuta.