Salamu za Baba Uwanjani

Wiki ile baba yangu ndiye aliyeninyima usingizi. Ni mkulima wa Chome, na alitaka kushuka Same kuona uwanja wa gofu ninapofanya kazi. Baba husalimia kila mtu. Kwake, kumpita mtu kimya ni kutangaza kwamba mmegombana. Nami nilijua salamu inaweza kuleta nini pale.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka chuo, nimeajiriwa kupokea wageni kwenye uwanja huo wa binafsi, kando ya shamba la mkonge. Nikamwona mzee ameinamia mpira, fimbo iko juu. Nikawaza: nikinyamaza, ataona sina adabu. Nikapaza sauti, "Shikamoo mzee!" Mpira ukaruka mpaka mkongeni.

Kumbe alikuwa Nahodha, kiongozi wa wachezaji. Akageuka polepole. "Marahaba, mwanangu. Sasa ingia mkongeni ukauamkie na mpira."

Kedi, yule anayembebea fimbo, alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni Meneja akanifundisha mambo ambayo nami sasa nawafundisha wageni. Huji mpaka mwanachama akualike, na ukivuruga, anayeulizwa ni yeye. Shati liwe na kola, simu isilie. Simama pembeni, mpigaji anapokuona. Grini, yaani majani yaliyonyolewa yanayozunguka shimo, usiyakanyage kwa kisigino; maji ya huku ni ya shida, na kovu hukaa mpaka mvua. Kundi likichelewa, liwapishe walio nyuma. "Na mtu akishainamia mpira," alisema, "hata kikohozi unakimeza."

Kwa hiyo wiki ile Nahodha aliposema, "Mlete baba yako Jumamosi, awe mgeni wangu," nikamjibu kwamba shamba limembana. Baba naye nikamwambia uwanja unafanyiwa matengenezo. Nikimkataza kusalimia, atasema elimu imenifunza dharau. Nisipomkataza, atamharibia mtu mpira, na aibu itamwangukia aliyemwalika. Nilifikiria hata kumnunulia pipi ngumu, awe na kitu mdomoni.

Alhamisi nikaona nitaumwa bure. Nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Matengenezo yamekwisha?"

"Hayakuwepo, baba. Niliogopa. Huku mtu akiinamia mpira hasalimiwi."

Nikasikia kuku wake.

"Hata na bintiye mwenyewe?"

"Hata na mimi."

"Na akimaliza?"

"Akimaliza, msalimie."

"Sasa hilo ndilo la kunifungia uwanja?" Sauti yake ilikuwa imeumia kidogo. "Nakuja."

Nikamweleza Nahodha ukweli, na Jumamosi baba alikuja na shati lake la kanisani. Nahodha alipoinama, baba alivua kofia, akaibana kifuani, midomo imefungwa kama ya mtu aliyejaza maji kinywani. Fimbo ikashuka. Mpira ukaenda safi.

Ndipo baba akasogea. Habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za miguu. Nahodha akaegemea fimbo, naye akauliza za Chome, za tangawizi, za barabara. Hawakuwa na haraka hata kidogo.

Nyuma yao wachezaji wanne walikuwa wamesimama, wanatazama saa. Kedi akanikonyeza: kamkatize mzee wako.

Nikatembea mpaka kwa wale wanne, nikawaonyesha njia. "Karibuni, wakubwa. Piteni."

Wakapita kimya. Baba alikuwa bado hajafika kwenye habari za ng'ombe.