Siku Mhubiri Alipoikanyaga Miwani ya Nekesa

Enzi zetu mtaani Makongeni, miaka ile ya tisini, miwani haikuwa pambo. Mtoto aliyeivaa alijulikana kuanzia nyumba za reli hadi Jogoo Road, na jina lake lilikuwa moja tu: Macho Nne. Dada yangu Nekesa alilibeba jina hilo tangu darasa la sita, mwalimu alipogundua kwamba haoni ubao na Baba akampeleka mjini kupimwa. Alirudi na fremu nzito ya kahawia iliyomfunika nusu ya uso. Wavulana walimcheka wee, mpaka tulipoingia kucheza kati, mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati. Nekesa, ambaye zamani kila mpira ulimpata, sasa hapatikani. Aliuona ukitoka mkononi, akaukwepa huku ameshikilia fremu kwa kidole. Jioni tulirudi nyumbani midomo myekundu kwa mabuyu, naye akitusomea vibao vya maduka ya mbali, kwa maringo tu.

Kisha akaja yule mhubiri. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Alifanya krusedi, mkutano wa uponyaji, uwanjani, suti nyeupe, vipaza sauti vikitikisa madirisha yetu. Baba, fundi wa reli, alikuwa kazini Nakuru. Mama alikuwa mtu wa maombi, na alimpenda Nekesa kuliko alivyojipenda. Wagonjwa walipoitwa, akampandisha jukwaani. Mhubiri akamvua miwani, akamwekea vidole karibu kabisa na pua, akamuuliza ni vingapi. Nekesa akajibu vitatu. Nani angekosa kuona vidole vilivyo mbele ya pua yake? Umati ukalipuka kwa nyimbo. Yule bwana akaitupa miwani chini, akaikanyaga kwa kiatu chake kinachong'aa, kisha akamwinamia dada yangu.

"Ukisema huoni, utakuwa umeurudisha ugonjwa mwenyewe."

Mtoto akiambiwa hivyo atasema nini? Darasani Nekesa alinakili ubao kwa kubahatisha, akachapwa. Kwenye kati mpira ulimgonga usoni, na siku hiyo hata wale wavulana hawakucheka. Mama akimuuliza, alijibu kwamba anaona vizuri, kwa uwezo wa Mungu.

Baba aliporudi aliuliza miwani iko wapi. Mama akamsimulia muujiza. Baba hakubishana. Alimwita Nekesa mlangoni, akamwambia amsomee namba iliyopakwa rangi kwenye nyumba ya ng'ambo.

Nekesa alimtazama Mama kwanza. Halafu akauliza polepole, "Nyumba gani, Baba?"

Mama aliketi chini palepale.

Jumamosi iliyofuata tulisikia mhubiri yuko mtaa wa jirani. Mama akamshika Nekesa mkono, mimi nikafuata. Mama, ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kwa kuku, alipanda jukwaani mbele ya watu wote. "Huyu ndiye uliyemponya," alisema. "Muulize anaona nini."

Mhubiri hakumuuliza. Aliutangazia umati kwamba mama huyu ana imani haba, na vijana wake wakamshika Mama makwapani, wakamshusha. Watu wakapiga makofi. Majirani zetu wa Makongeni walikuwemo, watu waliokula chapati kwetu kila Krismasi, nao wakapiga makofi. Hilo sijalisamehe.

Nekesa alirudia darasa, akawatazama wenzake wakivuka. Miwani mpya ilipatikana baada ya Mama kufua nguo za watu mpaka vidole vikachanika. Mhubiri hakuulizwa na mtu yeyote.

Leo napita mtaa wa Pipeline nawaona vijana wamevaa fremu zisizo na kioo. Binti yangu mwenyewe anayo. Nilipomuuliza inamsaidia nini, akanijibu, "Mum, ni ya picha tu." Nikacheka, roho ikiniuma. Sisi miwani moja ilikuwa darasa, ilikuwa mchezo, ilikuwa mtoto kujua mlango wa kwao. Na wahubiri wa aina ile hawajaisha. Siku hizi hawahitaji hata uwanja, wanaingia nyumbani kwa simu.

Nekesa sasa ni mama mzima, bado ni mtu wa kanisa. Lakini mhubiri yeyote akisema tufumbe macho tuombe, nimemwona. Anavua miwani, anaitia kwenye mkoba, na mkoba anaukumbatia kwa mikono miwili mpaka amina.