Mbuzi Walifikiwa Kwanza

Juzi kazi ilinipeleka Nakalale. Palipokuwa na boma letu sasa ni mchanga mtupu, lakini niliposimama pale, rafiki yangu, harufu ya maziwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi ilinijia kana kwamba nyanya amenikabidhi sasa hivi.

Nyanya ndiye aliyetulea. Asubuhi mimi na mdogo wangu tulichimba maji kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, tukayachota kwa kikombe, polepole, huku tukitafuna makoma, matunda magumu ya mkoma, mpaka meno yakauma.

Mwaka mmoja surua iliingia. Chanjo na dawa zilikuwa zahanati, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mtoto wa jirani alikufa mgongoni mwa mama yake kabla hawajafika. Mama huyo akageuka, akarudi naye hivyo hivyo. Hakulia mpaka alipofika nyumbani.

Haukupita muda gari likaja, likavuka laga na mawe, likasimama mlangoni mwa zizi. Tulikimbia kulipokea tukidhani limekuja kwa ajili ya watoto. Kumbe ni daktari wa mifugo, mtu wa Kenya ya chini, kama tunavyowaita huku watu wa kusini mwa nchi. Alisalimia kwa adabu, kwa lugha yetu, "Ejok," akatoa sanduku lake la barafu ili achanje mbuzi.

Nyanya akaziba mlango wa zizi kwa miiba, akasimama mbele yake. Daktari akaeleza, dereva wake akitafsiri, kwamba chanjo ni ya bure na ugonjwa wa mbuzi uko njiani. Nyanya akamsikiliza mpaka mwisho.

"Njia ya kufikia mbuzi umeiona," akasema. "Ya kufikia watoto imepotelea wapi?"

Daktari akajibu kwamba hiyo ni kazi ya ofisi nyingine. Nyanya akasema yeye hajui ofisi, anajua gari, na gari limefika.

"Rudi nalo likiwa na muuguzi, kijana wangu. Watoto kwanza. Mpaka hapo, mbuzi wangu hawaguswi."

Wanawake wengine nao wakaziba mazizi yao. Wazee walikasirika sana, maana mbuzi ndio waliokuwa mali yetu yote. Ugonjwa ulifika kweli. Tulipoteza kadhaa, akiwemo yule mweupe niliyezoea kumkamua, na nyanya aliwachuna mwenyewe.

Siku ya tisa tangu daktari aondoke, gari lilirudi naye pamoja na muuguzi. Jirani yetu aliyefiwa ndiye aliyewashika watoto wakichomwa sindano, mmoja baada ya mwingine, kisha mazizi yakafunguliwa. Tangu hapo, kila msimu, daktari na muuguzi walikuja pamoja.

Nyanya hayupo tena. Gari lile la pamoja nalo halipo. Sasa mimi ni mfanyakazi wa afya Lodwar, na mikutanoni naelezwa, kwa Kiingereza safi, kwamba wafugaji ni wachache, wanahamahama, mafuta ni ghali, heri wafuate huduma mjini. Wiki iliyopita mpango wenye maneno hayo uliletwa mezani kwangu nitie sahihi. Niliurudisha bila sahihi. Wakubwa wangu wakasema nachelewesha kazi. Ndiyo, nachelewesha, na wakiuleta tena vile vile nitauchelewesha tena.