Usiukate Wimbo Kabla Haujafika

Mwenye klabu aliniita Jumatatu asubuhi, saa ambayo klabu haina mtu ila mfagiaji. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza na sakafu ilinuka dawa. Ni mama wa makamo, ukoo wake umekuwa hapa Riruta tangu fleti hizi zilipokuwa mashamba ya viazi, na hana kawaida ya kupoteza maneno. Aliniambia kwamba Jumapili yangu imezeeka. Wateja wangu wanaingia saa nane mchana, wanaagiza bia moja ambayo ikifika katikati imeshapata joto, wanacheza rumba yao, na saa kumi na mbili wamekwenda nyumbani. Vijana wa mtaa wanapita mlangoni wakienda kujirusha kwingine. Akanipa Jumapili nne. Sakafu ijae, wazee kwa vijana, la sivyo atampa saa zangu kijana mmoja ambaye ana wafuasi wengi kwenye simu.

Nilikuwa nimepiga muziki pale kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja. Sikubembeleza. Nilimwambia nitaijaza sakafu yake, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Hasira ilinishika nilipokuwa tayari barabarani, na ilinitembeza kwa miguu hadi kwangu Kabiria bila kuhisi umbali.

Kazi hii nilijifunzia katikati ya jiji, mchana kweupe. Tulipokuwa wasichana, likizo za shule zilikuwa na disko za alasiri. Ulipanda ngazi nyembamba kati ya duka la viatu na duka la kamera, ukaingia gizani wakati nje jua linawaka, ukacheza mpaka saa kumi na moja, kisha ukakimbilia gari ili baba asikukute nje. Nyumbani kwetu, watu wa kutoka Ukambani walioishi kwa kwaya na ibada, disko halikutajwa hata kwa ubaya. Mimi nilisema nakwenda mazoezi ya kwaya, na kwa kweli nilikuwa nikitoka jasho zaidi ya waimbaji wote.

DJ alikaa ndani ya kibanda cha vioo. Siku zile ufundi ulikuwa kasi. Wimbo ulichezwa dakika moja, mwingine ukaingia juu yake, watu wakapiga mayowe, na aliyebadilisha haraka zaidi ndiye aliyekuwa mfalme wa jiji. Nilisimama kando ya kile kibanda likizo tatu mfululizo mpaka wakaniruhusu kuingia, kwanza nipange santuri, halafu nizishike. Mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko ya wavulana, na nilihakikisha wanalijua hilo.

Muziki ulibadilika mikononi mwangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ragga ilikuja ikaenda. Wakaja vijana wetu wa Nairobi na kapuka na genge, wakifokafoka kwa lugha yetu wenyewe, na tukadhani hakuna kitakachotutoa hapo. Ikaja Bongo, ikaja Naija, kisha zile nyimbo za gengetone ambazo nilizipiga nikitazama ukutani kwa aibu ya maneno. Ile klabu ya ngazi nyembamba ilikatwakatwa vibanda vya kuuza nguo na makava ya simu. Niliwahi kupanda mle kununua chaja, nikasimama mahali palipokuwa sakafu ya kuchezea, na muuzaji akaniuliza kama nimepotea. Burudani ilikuwa imehamia huku kwetu magharibi, karibu na watu wanakolala, nami nikaifuata.

Riruta ndiko nilikofundishwa kuituliza mikono. Jumapili yangu ya kwanza pale nilipewa wazee, na nikawapigia rumba kwa mtindo wa mjini. Mmoja wao, karani mstaafu wa serikali ambaye huja na mkewe, alikuwa na desturi yake. Rumba ina sehemu mbili. Kwanza watu wanaimba taratibu kuhusu mapenzi na madeni ya moyo, na wachezaji wanashikana tu kama walioombwa wasianguke. Halafu sauti zinanyamaza, magitaa yanaanza kukimbia, na hiyo ndiyo sebene, ndiyo watu wanayoisubiri. Yule mzee alipoisikia inakaribia, alianza kuvua koti ili alitundike kitini na kucheza sawasawa. Siku hiyo alikuwa ametoa mkono mmoja wakati mimi nilipokata wimbo nikaingiza mwingine. Alikuja mpaka kwenye mashine, koti likining'inia begani.

"Mwanangu," aliniambia kwa upole, "umeniacha na koti mkononi."

Tangu siku hiyo sikukata tena. Nilijifunza kukaa dakika kumi bila kugusa kitu, na nikawa mkali kuliko walionifundisha. DJ mchanga akija kujaribiwa akakata rumba kabla ya sebene, nilimwondoa kwenye mashine mwenyewe, nikimwambia kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Nilisema hivyo mara nyingi, mbele ya watu, nami nilifurahia kusema.

Basi nilipopewa Jumapili nne, nilijua ninachotakiwa kufanya: nichanganye rumba na amapiano ya Afrika Kusini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa ikisikika kwenye kila kinyozi na kila duka la chipsi kuanzia Kabiria hadi Kawangware. Sikuipenda. Nilisikia kinanda kinachozungukazunguka, manyanga, mtu ananong'ona, na dakika zinapita. Lakini sikuwa nimeulizwa kama naipenda. Nilikwenda Ngara kwa fundi, akanitengenezea spika za besi zilizokuwa zikikwaruza, nikakusanya nyimbo, nikajiandaa kama mtu anayekwenda mtihani.

Jumapili ya kwanza vijana walikuja, meza nne au tano, kwa sababu mwenye klabu alikuwa ametangaza. Niliwawekea amapiano. Nilipoona wamesimama tu wakitikisa vichwa, nikaona wimbo umewachosha, nikaingiza mwingine. Huo nao nikaupa dakika moja na nusu, nikabadilisha. Nilikuwa nikibadilisha vizuri, maungio yote safi, kazi ambayo pale mjini ingeniletea mayowe. Vijana walianza kukaa. Kisha meza moja ikalipa ikaondoka, ikafuata nyingine, na wazee wangu nao walikuwa wamenuna kwa sababu rumba ilikuwa imepunguzwa. Mwenye klabu alisimama kaunta akaniangalia.

Nilifika nyumbani nikiwa nimekasirika. Nilimweleza binti yangu, anayesoma chuo na ambaye kwa miaka mingi ameniona nikiondoka na nyaya zangu bila kuuliza lolote, kwamba kizazi chake hakina subira, hakijui kinachotaka, hakiwezi kusimama wimbo mmoja. Akaniomba nimsikilizishe. Huwa ninarekodi kila ninachopiga, kwa hiyo nilimpa hedifoni, akasikiliza akiwa amekaa kitandani, na nikaona uso wake ukikunjamana mara moja, mara mbili, kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayekanyagwa.

"Mum," alisema akivua hedifoni, "unaikata kabla ifike."

Nikamuuliza ifike wapi. Akachukua simu yake, akaweka wimbo uleule, akanizuia mkono nilipotaka kusogeza mbele. Tukakaa. Kinanda kikazunguka, manyanga yakaendelea, dakika ya pili ikapita, ya tatu ikaja, nami nikawa nawashwa vidole. Halafu vyote vikanyamaza kwa pumzi moja, na ikaingia ile ngoma nzito ya chini, inayogonga mahali ambapo hukutarajia. Binti yangu, ambaye sikuwa nimemwona akicheza tangu akiwa mdogo, mabega yake yalishuka yenyewe. Nikaelewa. Wale vijana waliokuwa wakitikisa vichwa hawakuwa wamechoka. Walikuwa wanasubiri, na mimi niliwaacha na makoti mikononi, wimbo baada ya wimbo, alasiri nzima.

Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na sababu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewafukuza watoto wa watu kwa kosa ambalo nilikuwa ninalo bado kwenye vidole vyangu. Sikumwambia binti yangu hivyo usiku ule. Nilimwambia aniwekee mwingine.

Wiki ile nilifanya mazoezi ya kutofanya kitu, na si mzaha, ni kazi ngumu. Niliweka wimbo nikakalia mikono yangu mpaka ulipofika. Nilijifunza kila mmoja unafika dakika ya ngapi, nikaandika kwenye daftari. Siku ya tatu nilianza kuusikia ukija kabla haujaja, kwa jinsi kinanda kinavyokonda. Sitadai kwamba niliipenda, lakini niliiheshimu, na kwenye kazi yetu hiyo inatosha kuanzia.

Jumapili ya pili vijana wachache waliorudi walicheza. Ya tatu walileta wenzao, wakajaa hadi mlangoni, na wazee wakawa wamebanwa ukutani wakiwatazama kwa huzuni. Mwenye klabu alifurahi, lakini nilijua mapatano yetu: wazee kwa vijana. Nikiwapoteza wazee, nitakuwa nimejaza sakafu ya yule kijana wa kwenye simu, wala si yangu.

Jumapili ya nne nilianza na rumba, nyimbo sita, zote mpaka mwisho. Kisha katikati ya alasiri, wazee wakiwa bado wamesimama na moto wa sebene mwilini, niliingiza amapiano taratibu chini ya magitaa. Baada ya dakika mbili yule karani mstaafu alikuja kwenye mashine. Alikuwa amelivaa koti lake tena, tayari kuondoka. Aliniuliza wimbo huu unakwenda wapi, mbona hauna maneno, mbona hauna mwenyewe.

Nilihesabu kichwani. Ilikuwa imebaki kama dakika moja.

"Mzee, nisubiri kidogo," nilimwambia. "Na hilo koti livue."

Aliniangalia akidhani namchezea. Lakini ni mtu muungwana, akasimama pale pale kando ya spika. Ngoma ilipoingia, vijana wote waliinama kwa pamoja, na mzee akashtuka, akageuka kuwatazama, akatazama miguu yao. Akavua koti, akanipa mimi nilishike. Akamfuata mkewe, akamwongoza katikati ya wale watoto, wakacheza rumba juu ya amapiano, polepole, na ilikaa sawasawa. Vijana wakawapa nafasi, baadaye wakaanza kuwaiga. Nilisimama na koti la mtu mikononi, machozi yakinitoka, na sikuona sababu ya kuyaficha.

Jumatatu mwenye klabu aliniita tena. Alikuwa ameshampigia simu yule kijana kumwambia asije.

"Sunday ni yako," alisema. "Lakini hiyo rumba iishe saa kumi. Baada ya hapo ni ya hawa watoto."

"Saa kumi na nusu, madam."

Alifikiri, akakubali, akasema isipite hata dakika moja. Tukapeana mkono. Nilitoka nikiwa mshindi, na nilifika Kabiria kabla sijafanya hesabu yenyewe. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na nusu, kama hukati wimbo, unaingiza rumba kumi na tano. Mimi ninazo mamia.

Tulikaa sakafuni mimi na binti yangu tukachagua. Alishangaa kwamba nilikuwa nachagua haraka hivyo, kama aliyekwisha kuamua. Sikuwa nimeamua. Niliogopa nikianza kuzisikiliza sitaacha hata moja. Mmoja ulikuwa wa dakika kumi na nane, nafasi ya nyimbo mbili, na wazee wote wanaupenda. Binti yangu alisema basi niucheze nusu tu. Nikamjibu nusu sichezi, bora usichezwe kabisa, nikauweka upande wa zinazobaki nyumbani.

Jumapili iliyofuata, ilipokaribia saa kumi na robo, yule mzee alikuja na mkewe kwenye mashine. Waliomba huo wa dakika kumi na nane. Mkewe alisema ndio uliopigwa siku walipooana, jambo ambalo miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu nilikuwa naupiga kila wiki na hawakuwa na haja ya kuuomba.

Niliwaambia haumo tena. Niliwaambia kwa nini, bila kumsingizia mwenye klabu, kwa kuwa orodha niliiandika mimi. Mzee alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Mkewe alitangulia kugeuka. Walirudi kwenye meza yao wakakaa, na saa kumi na nusu ilipofika niliingiza amapiano, mikono yangu nikaiondoa kwenye mashine, nikasubiri ifike.