Viti vya Wageni Usagara

Jumamosi nilikuwa Usagara, kwenye uwanja mkavu usio na hata jani, ambako watu wa Magu, Misungwi na mjini Mwanza wanataka kuanzisha tamasha moja la ngoma kila kiangazi. Utaratibu wetu mnaujua: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi.

Mfadhili, mfanyabiashara wa mjini, alileta turubai na viti. Vikapangwa kuelekea kikundi cha Pasiansi, cha mjini Mwanza, kilichokuwa kinashindana na cha Magu, wageni wakaketi. Manju wa Magu, kiongozi wa ngoma yao, akaweka ngoma yake chini, akamwendea mfadhili.

"Shikamoo mzee. Sisi hatuchezi."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Hawa waliokaa wameshahesabiwa kwa Pasiansi."

"Hawa ni wageni tu, hawahesabiwi."

Manju akainama, akachungulia chini ya viti. "Wana miguu?"

"Wanayo."

"Basi wanahesabiwa."

Watu wa Magu walikuwa wameanza kupanda lori lao mgeni rasmi alipoinuka, akavua koti, akasukuma kiti chake nyuma. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, nyuso zimekunjamana. Viti vikarudishwa garini, ngoma zikaanza. Mgeni rasmi alianzia Pasiansi. Jua lilipopungua makali nilimwona yuko upande wa Magu, viatu vimejaa vumbi, anapiga makofi.

Tangu soko huria liingie tunaambiwa kila siku kwamba mteja ana uhuru wa kuchagua. Inaelekea wengine, ili wachague, ni lazima kwanza wanyang'anywe kiti.